Tuulize: Mtoto wa kufikia nyumbani, anayeonewa shuleni

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Mwanza na visiwani, na karibu zote zimechanganya mambo mawili: kijana aliyejikuta kwenye nyumba yenye baba au mama mpya, na kijana huyo huyo kuonewa shuleni. Ukizisoma kwa pamoja unaona kitu kimoja. Mtoto anaonewa muhula mzima bila hatua yoyote kwa sababu kila mkubwa nyumbani anadhani jambo hilo ni la mwenzake. Baba wa kufikia anasema "ana mama yake", mama anaogopa mwanawe asionekane mzigo, baba mzazi yuko ziwani na simu haipatikani. Kwa hiyo majibu yetu mengi yanahusu nani ashike nini. Majina ya watu na shule tumeyaondoa.

Binti hanisalimii mpaka baba yake awepo

*Nimeolewa na mgane mwaka jana, tunaishi Buhongwa. Ana binti wa miaka 14, yuko Kidato cha Pili. Mimi nimekuja na wavulana wawili, miaka 12 na 9. Nyumba ina vyumba viwili na sebule. Binti anajipikia chai yake peke yake, nikimtuma anaitikia "sawa" halafu hafanyi. Baba yake ananiambia nimzoee tu. Je, nina haki ya kumwadhibu?*
Mama wa kufikia, Buhongwa

Dada yetu, mwaka mmoja bado ni mapema. Familia za namna hii huchukua miaka miwili hadi mitano kutulia, nyingine zaidi, na umri wa binti huyo ndio mgumu kuliko yote. Mtoto wa miaka minne humkubali haraka anayempa uji. Wa miaka 14 ameanza kujitenga hata na mzazi aliyemzaa, na wakati huo huo analetewa mwingine wa kuanza kumzoea. Huyu tena amefiwa. Akikuonyesha uso mzuri anajiona kama anamsahau mama yake, na hapo hakuna kosa ulilofanya wewe.

Adhabu, kwa sasa hapana. Kwa mwaka huu na ujao anayeweka amri na kuadhibu ni baba yake. Wewe kaa kama shangazi aliyeachiwa nyumba: unasimamia yaliyotangazwa na mwenyewe. "Baba alisema vyombo vya jioni leo ni zamu yako." Ukishasema hivyo nyamaza. Visipooshwa, viache kwenye beseni, usivioshe kwa hasira huku unapiga masufuria. Baba akirudi atavikuta na yeye ndiye atakayeuliza. Huyo anayesema "mzoee tu" ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote hapa, kwa hiyo mpe ukurasa huu ausome.

Kazi yake ya kwanza ni kikao. Jumapili jioni, dakika 20 zinatosha, watoto wote watatu wakiwepo, na azungumze yeye. Kanuni zisizidi tano, ziandikwe na kubandikwa ukutani. Tungeanza na hizi: kila mtu anamsalimia kila mtu asubuhi na jioni, zamu za vyombo, maji na kufagia ziwe na jina na siku, simu zote zinalala sebuleni kuanzia saa tatu usiku, za wakubwa zikiwemo, mlango unagongwa kabla ya kuingia, kitu cha mtu hakichukuliwi bila kuomba. Salamu idaini, maana hiyo ni adabu ya nyumba yoyote. Kukuita "mama" usidai. "Mama mdogo" linatosha, au "Mama" pamoja na jina la mwanao wa kwanza, na achague mwenyewe.

Chumba. Binti wa miaka 14 asilale na wavulana wa 12 na 9, hata "kwa muda tu". Kwa nyumba yenu hesabu ni moja: chumba chenu, chumba chake, na wavulana sebuleni kwenye godoro linalosimamishwa ukutani asubuhi. Wanao watalalamika kwamba kapendelewa. Baba awajibu, wewe usijibu, vinginevyo wataona umewauza. Binti apewe tranka au sanduku lenye kufuli, ufunguo abaki nao yeye na wa akiba ashike baba yake. Humo ataweka taulo zake za kike, daftari lake, pengine kanga ya marehemu. Usilifungue hata kwa nia njema ya kufua. Na picha ya mama yake kama ilikuwa ukutani kabla hujaja, ibaki pale pale.

Kuna jambo ambalo wakubwa hawalioni na watoto hawalikosi, nalo ni samaki. Sato mmoja kwa watu watano hutoa kichwa, vipande vitatu vya katikati, na mkia. Anayegawa ni wewe, kila siku. Binti anatazama sahani ya mwanao wa mwisho, anatazama yake, na mkia ukimwangukia jioni mbili mfululizo hakuna maelezo yatakayomtoa kwenye alichoamua. Andika zamu ya vipande, au fanya hivi: anayepakua anachukua cha mwisho. Siku ambayo binti anapakua, naye anachukua cha mwisho. Dagaa hawana kesi hii, na huenda ndiyo sababu siku za dagaa nyumba nyingi huwa tulivu.

Baba pia amtolee binti yake dakika 40 kila wiki, wawili tu, siku ile ile. Waende sokoni Buhongwa, au watembee tu. Wewe na wanao msiwemo, na mazungumzo yasikuhusu. Akina mama wengi wa kufikia huona wivu hapa, lakini muda huo unapofutwa ndipo binti anapokulipiza wewe.

Yanayoharibu haraka ni haya: kumtisha kwamba atarudishwa kwa bibi yake Magu, kumfanya tarishi kati yako na baba yake, na kumsema kwa mawifi kwenye simu ukidhani amelala. Sebule haina dari ya saruji, anasikia.

Akianza kushuka ghafla darasani, kukosa usingizi au kuacha kula kwa zaidi ya wiki mbili, hapo si ukaidi tena. Mwoneni mwalimu wa malezi wa shule yake, na mkiona haitoshi, kliniki ya afya ya akili. Hospitali ya Bugando wanayo.

Wananisubiri kituoni

*Niko Kidato cha Pili. Mama aliolewa tena Januari tukahamia Nyakato, nikabadilishiwa shule. Mtoto wa yule baba yuko shule hiyo hiyo, Kidato cha Tatu, na ndiye aliyewaambia wenzake kwamba baba yangu alitukimbia. Sasa naitwa "Kambo". Watatu wa darasa lake wananisubiri kituoni wananichukulia nauli na hela ya kula, siku nyingine natembea mpaka nyumbani. Kwenye grupu la WhatsApp wameweka picha yangu na maneno. Sitaki kumwambia mama, ndoa yake ndiyo kwanza imeanza.*
Mwanafunzi, Nyakato

Mwanetu, hilo jina hatutalitumia. Unamlinda mama yako, tunaelewa, ila wale watatu wanategemea ukimya huo huo.

Leo usiku chukua daftari dogo lisilo la somo lolote. Kila tukio liandike kwa mtindo mmoja: siku, saa, mahali, nani, walifanya nini, kiasi gani, nani aliona. Mfano: "Jumanne, saa 9:40 alasiri, kituoni. Wawili (andika majina). Wamechukua 700. Muuza karanga aliona." Usiandike "wananionea kila siku". Mwalimu akiisikia hiyo atakuuliza lini, nawe utababaika. Tarehe nne zenye saa na mashahidi zina uzito kuliko malalamiko ya kurasa mbili. Daftari lisitembee kwenye begi la shule.

Ya WhatsApp usiyafute, na usitoke kwenye grupu kabla ya kuyahifadhi. Piga picha ya skrini ikionyesha jina la grupu, ujumbe, tarehe na saa. Halafu, na hapa wengi husahau, bonyeza jina la aliyetuma mpaka namba yake ionekane, upige picha nyingine. Jina mtu hulibadilisha kwa sekunde mbili. Picha hizo zitume kwenye simu ya mtu mzima unayemwamini, kwa sababu simu yako inaweza kupotea au kunyang'anywa. Usiwajibu, hata kwa neno moja. Jibu lako la hasira ndilo watakalompelekea mwalimu. Kuna sheria hapa pia: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Kitu kimoja tu usikihifadhi wala kukisambaza, picha ya mtoto yeyote akiwa utupu, hata kama ni ushahidi. Hiyo mwonyeshe mtu mzima mara moja na ipelekwe polisi, Dawati la Jinsia na Watoto.

Kumwambia mama: usianze na ndoa yake wala na mtoto wa mumewe. Anza na fedha, maana fedha haina ubishi. "Mama, tangu wiki iliyopita wamenichukulia nauli siku nne. Nimeandika hapa." Mpe daftari asome mwenyewe. Akiuliza wamejuaje mambo ya nyumbani, hapo ndipo umweleze, bila kupamba. Mama anayegundua peke yake baada ya miezi mitatu huumia kuliko anayeambiwa leo.

Shuleni nenda kwa mwalimu wa malezi, au mwalimu wa darasa kama huyo humwamini. Usiende asubuhi baada ya mstari, wakati kila mwalimu anakimbilia kipindi. Nenda mapumziko au baada ya kipindi cha mwisho. Sema mambo matatu: kilichotokea, daftari hili hapa, na ombi lako. Ombi ni hili: "Mwalimu, naomba wasiitwe pamoja na mimi, na wasitajwe mstarini." Shule nyingi bado zina mtindo wa kuwakalisha aliyeonewa na waliomwonea ofisini, wapeane mikono, yaishe. Kwa ugomvi wa watu wawili wenye nguvu sawa mtindo huo unafaa. Kwa watatu dhidi ya mmoja, mkono unapewa ofisini na malipo unayapata kituoni.

Kituoni penyewe, badilisha kidogo kabla mambo hayajakaa sawa. Toka na wenzako wawili hata kama si marafiki wa karibu. Simama karibu na mama muuza matunda au wapiga debe, usisimame pembeni ya ukuta. Ndani ya daladala kaa karibu na konda. Nauli itenge na hela ya kula, mifuko tofauti. Wakikuzingira sema kwa sauti ya kusikika, "Niacheni, naondoka," na uelekee waliko watu wazima. Usipigane. Hilo hatulisemi kwa ajili ya upole. Ukipigana, shule itaandika "wanafunzi wanne wamepigana", na daftari lako linakosa kazi.

Huyo mtoto wa baba yako wa kufikia naye amepoteza kitu: nyumba ilikuwa yake na baba yake, mkaingia ninyi. Haimpi ruhusa ya alichofanya. Lakini anayepaswa kumkalisha ni baba yake, wakiwa wawili tu, wewe usiwepo, na agizo liwe fupi: ya nyumbani hayaendi shuleni. Mama yako asimkalishe yeye. Tena wasimpe kazi ya "kumlinda mdogo wako", maana mtamfanya achukie zaidi.

Ukifika mahali unawaza kujidhuru au kuona afadhali usingekuwepo, usingoje chochote katika haya. Mwambie mtu mzima aliye karibu saa hiyo hiyo, au piga 116, namba ya taifa ya kumsaidia mtoto. Ni bure, simu isiyo na salio inapiga.

Nilifika shuleni nikaulizwa mimi ni nani

*Mimi ni fundi seremala Igoma. Binti wa mke wangu, miaka 13, alirudi na shati limechanika na mkwaruzo shingoni. Mama yake anafuata dagaa visiwani, hukaa huko hata wiki mbili. Nilikwenda shuleni nikaambiwa wanaongea na mzazi aliyeandikishwa tu. Nilirudi nikiwa nimefedheheka. Nifanye nini?*
Baba wa kufikia, Igoma

Ndugu yetu, shule haikukosea kwa kuuliza. Mtu yeyote anaweza kufika getini akasema ni baba. Tatizo ni kwamba fomu ya kujiunga ilijazwa kabla hujawa kwenye familia hiyo na hakuna aliyeibadilisha.

Mkeo aandike barua kwa mkuu wa shule: jina la mtoto na darasa lake, jina lako kamili na namba yako ya simu, na sentensi kwamba anakuruhusu kushughulikia masuala ya mtoto shuleni yeye asipokuwepo. Asaini, aambatishe nakala ya kitambulisho chake cha taifa na chako, kisha ipitishwe ofisi ya serikali ya mtaa igongwe muhuri. Chapa nakala mbili. Moja ibaki shuleni, ya pili wakugongee "imepokelewa" pamoja na tarehe, uitunze. Akiwa kisiwani, apige simu kwa mkuu wa shule wewe ukiwa umekaa pale ofisini; hiyo hufungua mlango kwa siku moja, barua ifuate. Fomu ya shule iwe na namba mbili kuanzia sasa, kwa sababu mtandao wa visiwani unaujua.

Kuhusu hadhi yako usione haya. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtambua mwanamume aliyempokea mtoto asiye wake kuwa mmoja wa familia, na inampa wajibu wa kumtunza pale wazazi wake wanaposhindwa. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke serikali za mitaa. Yeyote ni pamoja na wewe.

Kwanza kabisa, huo mkwaruzo. Piga picha leo, mchana, karibu na dirisha, moja ya karibu na moja inayoonyesha uso na shingo. Shati usilifue, liweke kwenye mfuko wa karatasi. Kama ana maumivu ya shingo, kizunguzungu, au alikabwa, mpeleke hospitali kwanza. Fomu ya polisi, PF3, huhitajika kwa jeraha la kushambuliwa lakini isimcheleweshe mtoto aliye katika hali mbaya. Muulizeni pia, na aulize mwanamke anayemwamini, kama kuna aliyemshika vibaya. Jibu likiwa ndiyo, hospitali ni siku hiyo hiyo, maana dawa za kinga ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 tu, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

Ukishakaa na mkuu wa shule, usitumie nusu saa kuulizia aliyefanya hivyo ni mtoto wa nani. Uliza vitu vinne na uandike majibu mbele yake: tukio limeandikwa wapi, mwalimu gani anamfuatilia mtoto, kuanzia kesho sehemu lilipotokea itasimamiwa na nani, na tunakutana tena tarehe ngapi. Tarehe isizidi wiki moja. Siku hiyo nenda hata kama mtoto anasema mambo shwari.

Wiki mbili zikipita bila badiliko, panda ngazi kwa maandishi: bodi ya shule, afisa elimu kata, kisha afisa elimu wa sekondari wa halmashauri. Watu hupoteza siku hapa kwa kukosea ofisi. Igoma, Buhongwa, Mkolani na Nyegezi ziko Nyamagana, kwa hiyo ni Halmashauri ya Jiji. Nyakato, Kirumba, Pasiansi na Buzuruga ziko Ilemela, ambayo ni manispaa yenye ofisi zake. Sambamba na hilo mwone afisa ustawi wa jamii. Kazi yake ni mtoto, na barua yake hujibiwa haraka kuliko ya mzazi.

Usiende nyumbani kwa wazazi wa aliyemwonea, hata kama ni jirani na mnasali pamoja. Mazungumzo ya mlangoni yakiharibika, mtaa mzima unagawanyika, na asubuhi binti ndiye anayekwenda shule.

Akirudi kutoka kwa baba yake habebeki

*Mjukuu wangu wa miaka 15 nakaa naye Nansio. Likizo huenda Mwanza kwa baba yake na mke mpya. Akirudi siku tatu haongei, ananijibu vibaya. Je, wanamtesa?*
Bibi, Ukerewe

Shikamoo bibi. Inawezekana, lakini mara nyingi ni uchovu wa kubadilisha nyumba. Kule kuna kanuni nyingine, chakula kingine, nafasi nyingine ya kulala, na meli ikitia nanga Nansio anatakiwa awe mtu mwingine tena. Siku ya kwanza mwache aoge, ale, alale. Usimuulize "wanakulisha?" wala "huyo mwanamke anakuonaje?", maana swali hilo linamtaka achague upande. Siku ya pili mpe kazi mnayofanya wote, kuchambua dagaa au kumenya mihogo, maneno yatatoka yenyewe mikono ikiwa na kazi. Avae huku nguo zilizoko huku, na begi libebe madaftari tu, ili asijione mgeni pande zote mbili.

Dalili za mateso ni nyingine: alama mwilini zisizo na maelezo, kuogopa kupokea simu ya baba yake, kukojoa kitandani upya, au kuugua kila likizo inapokaribia. Ukiona hizo, usimngoje baba yake. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii hapo hapo Ukerewe.

Mwonevu ni mwanangu

*Nimeitwa shuleni, mwanangu wa miaka 16 anawanyang'anya wadogo fedha na kuwafungia chooni. Ameanza tangu baba yake alipoleta mke wa pili na watoto wake wawili kwenye nyumba yetu Kirumba. Baba yake anataka kumchapa mbele ya shule nzima. Naona aibu.*
Mama, Kirumba

Mama, umeandika barua ambayo wengi hawaiandiki. Mzuie baba yake. Akichapwa mstarini atajifunza kwamba mwenye nguvu humdhalilisha asiye na nguvu mbele za watu, na hilo tayari analijua, ndilo analolifanya chooni.

Alipe. Pateni kwa mwalimu orodha ya waliochukuliwa na kiasi, hata kama ni kwa kukadiria. Tuseme jumla ni 18,000. Asilipiwe na wewe. Kila Jumamosi afanye kazi ya saa tatu ambayo mngeweza kumlipa mtu, kufua mapazia, kuchota maji, kupaka rangi banda, kwa 3,000. Ni Jumamosi sita. Fedha apewe mwalimu, mwalimu awape wenyewe, yeye asikutanishwe nao. Asiende kubeba mizigo soko la samaki la Mwaloni usiku kuzitafuta haraka. Huko atapata fedha na mengine msiyoyataka. Barua ya msamaha aandike wiki ya tatu au ya nne. Ya siku ya kwanza huwa imeandikwa na mzazi.

Wakati huo huo uliza yeye anaonewa na nani. Analala wapi tangu wale wawili waje? Nani alipewa kitanda chake? Hela yake ya shule ilipungua baba alipoanza kugawa mara mbili? Mara nyingi kijana anayechukua 500 za wenzake ni yule ambaye 500 yake ilikatwa nyumbani bila maelezo. Baba yake badala ya fimbo amweleze, wakiwa wawili, nini kimebadilika na nini hakitabadilika: ada, chumba, na siku yao ya kukaa wawili. Shule nayo iweke mtu wa kumwona kila Ijumaa kwa dakika tano, kwa wiki sita hizo. Akirudia, mnaanza hesabu upya na mnaongeza afisa ustawi, si fimbo.

Nimhamishe?

*Mwanangu yuko Kidato cha Nne, anachekwa kwa sababu baba zake ni wawili. Nimhamishe shule?*
Mzazi, Nyegezi

Mzazi mwenzetu, kwa Kidato cha Nne tunasema hapana, isipokuwa kama usalama wake uko hatarini na shule imeshindwa kwa maandishi. Mwanafunzi aliyesajiliwa kwa mtihani wa taifa anafanyia kwenye kituo chake, na kubadilisha katikati ya mwaka kunaweza kumgharimu mtihani wenyewe. Kicheko hakiishi kwa kuhama pia, kwa kuwa magrupu ya simu yanavuka shule. Mwaka huu mbadilishieni dawati na njia ya kwenda shule, mpate mwalimu mmoja wa kumfuatilia, na baba wote wawili wafike pamoja siku ya kikao cha wazazi, wakae benchi moja. Wanafunzi wakiwaona mara moja, habari inapoteza utamu.

Kwa wenye watoto wa madarasa ya chini wanaofikiria jambo hilo hilo: uhamisho wa shule za serikali hupita kwa wakuu wa shule zote mbili na ofisi ya elimu ya halmashauri, kwa hiyo anzeni na shule mnayoitaka iwathibitishie kwa barua kwamba ina nafasi. Msimtoe mtoto shule ya zamani kabla barua hiyo haijawa mkononi. Akikaa nyumbani wiki tatu akisubiri, atarudi darasani na jina jingine la utani.